Viungo vya Jikoni, Viungo vya Mwili

Assalaam alaykum, na habari za asubuhi kwa wote. Mama zangu, baba zangu, nanyi vijana mliowashika wazee mkono mpaka hapa ukumbini, ahsanteni kwa kuja. Nilikuwa nimesimama pale mlangoni mkiingia. Ngazi ni nne tu, lakini nimeona ni wangapi waliozipanda kwa ubavu, mguu mzima ukitangulia, ule unaouma ukivutwa nyuma, na mkono umeng'ang'ania ukuta. Kwa hiyo sina haja ya kuwaeleza maumivu ya viungo ni kitu gani.

Nimefanya kazi ya ufamasia hapa Mombasa miaka 31. Katika miaka hiyo yote, swali nililoulizwa kuliko mengine halikuwa la malaria wala la sukari. Lilikuwa hili: "Mwanangu, nimeletewa dawa ya Kihindi ya magoti, hii hapa, niitumie?" Na mkononi pana kopo. Ndiyo maana kwenye mwaliko niliwaomba kila mwenye kopo lake, pakiti yake au chupa yake aje nayo. Naona meza ile imejaa. Tutaifikia.

Lakini kwanza niwasimulie habari ya jirani. Nilipokuwa mtoto tulipakana ukuta na familia ya Kigujarati, ambayo wazee wake walivuka bahari kutoka pande za Jamnagar, kule India. Bibi wa nyumba ile sote tulimwita Masi, ndilo neno lao la mama mdogo. Nyanya yangu alikuwa na goti lililomsumbua kila msimu wa kusi. Basi jioni Masi huja na jani pana la mbarika, amelichuma kwenye mti uliojiotea kando ya bomba. Hulipitisha juu ya jiko la makaa mpaka linalegea na kung'aa, akalipaka mafuta ya mbarika yenyewe, yale ambayo wenzetu wa Tanzania huyaita mafuta ya nyonyo, kisha akalilaza juu ya goti na kulifunga kwa kipande cha leso kuukuu. Chumba kizima hunuka ile harufu nzito ya mafuta ya moto. Asubuhi nyanya husali kwa kusimama.

Kuna siku moja lakini ambayo sikuisahau. Nyanya aliamka na homa, vidole vya mikono yote miwili vimefura pamoja, hata kikombe hakishiki. Mama akamwita Masi, akadhani atakuja na jani. Masi akamtazama, akamgusa, akakataa kabisa kupaka mafuta. Alikaanga mchanga mkavu kwenye kikaango, akaufunga kwenye kitambaa, akamkanda kwa ule mchanga wa moto. Akasema nyanya asile chochote kizito siku ile, anywe maji ya tangawizi tu, na kesho apelekwe hospitali. Mimi nilikuwa na miaka tisa. Sikuelewa kwa nini mafuta yaliyokuwa dawa wiki iliyopita leo yamekuwa haramu.

Nilielewa miaka mingi baadaye, nilipoanza kusoma Ayurveda yenyewe, yaani elimu ya tiba ya India ambayo vitabu vyake vikuu, vya Charaka na Sushruta, vina umri wa karibu miaka 2000. Na nilichokikuta humo ndicho kilichonifanya nisimame mbele yenu leo. Tabibu wa Ayurveda haanzi kwa kuuliza mti. Anaanza kwa kuuliza maumivu: haya ni maumivu gani?

Hebu sikilizeni walivyoyapambanua. Maumivu ya kwanza Charaka anayaeleza kuwa ni upepo ulioingia kwenye kiungo. Wanauita vata, ile nguvu ya mwendo ndani ya mwili. Kiungo kikiguswa kinakuwa kama mfuko wa ngozi uliojaa hewa, na kinauma ukikikunja na kukikunjua. Mwenye goti lililochakaa, gegedu, ile inayokinga ncha za mifupa, imelika, linalia likipanda ngazi, atajitambua hapo. Maumivu ya pili yanaitwa amavata, na aliyeyapa sura yake ni tabibu Madhava, zaidi ya miaka 1000 iliyopita. Huyu anasema yanakuja na homa, uchovu, kukosa hamu ya chakula, na viungo vingi kuvimba kwa pamoja, vidole, vifundo, magoti, na kila mahali palipovimba panauma kana kwamba nge wamepadunga. Wanaoishi na baridi yabisi ile ambayo kinga ya mwili inashambulia viungo vyake, niambieni kama hajui anachosema. Maumivu ya tatu huanzia mguuni, mara nyingine mkononi, kisha yanatambaa mwilini kama sumu ya panya aliyemng'ata mtu, na wanasema huwapata watu wa maisha mororo wanaokula bila kipimo. Sisi tunaita jongo, na tunajua leo kwamba ni fuwele za asidi ya uriki zimejikusanya kwenye kiungo.

Sitaki kuwaambia kwamba majina ya kale na majina ya hospitali ni kitu kimoja. Hayalingani sawasawa. Lakini tazameni matibabu. Yule wa kwanza, mwenye upepo kiungoni, anakandwa kwa mafuta. Yule wa pili, wa amavata, anapunguziwa chakula, anapewa vitu vikali vya kuamsha moto wa tumbo, anakandwa kwa joto kavu, mchanga kwenye kitambaa, na kusugua kwa mafuta kunazuiwa wakati ugonjwa umewaka. Masi hakuwa amesoma Madhava. Alifundishwa na mama yake, na mama yake na bibi yake. Na pale kitandani kwa nyanya aliyafuata yale yale.

Sasa linganisheni na kopo. Kopo linaandikwa: magoti, mgongo, kiuno, jongo, baridi yabisi, ganzi, kijiko kimoja asubuhi na jioni. Kopo moja kwa maumivu yote na kwa watu wote. Anayewauzia hilo na kuliita Ayurveda ameiacha Ayurveda mlangoni.

Haya, tuingie jikoni. Kiswahili kimetupa neno moja, viungo, kwa vile vya mchuzini na kwa hivi vinavyouma, na ukweli ni kwamba hivi viwili vimekutana zamani sana.

Tuanze na binzari manjano, ambayo wengine mnaiita manjano tu. Kinachoipa rangi ile isiyotoka kwenye kucha siku tatu kinaitwa kurkumini, na wanakemia wawili walikitenga kwa mara ya kwanza mwaka 1815. Kinafanya kazi kwa kupunguza zile ishara ambazo chembe za mwili hutumiana ili kuwasha uvimbe. Kuna utafiti wa Thailand, uliochapishwa mwaka 2014, wa watu 367 wenye magoti yaliyochakaa. Nusu walipewa dondoo la manjano, yaani kiini chake kilichokamuliwa, miligramu 1500 kwa siku, nusu wakapewa ibuprofeni, kidonge cha maumivu, miligramu 1200, kwa wiki nne. Nafuu ilikuwa karibu sawa, na walalamikaji wa tumbo walikuwa wachache zaidi upande wa manjano. Nikiwa mfamasia ambaye ameona vidonda vya tumbo vikitoa damu kwa sababu ya vidonge vya maumivu vinavyonunuliwa kama peremende, habari hiyo si ndogo kwangu.

Ila sikilizeni hesabu. Kijiko cha chai cha unga wa manjano ni kama gramu 3, na ndani yake kurkumini ni kiasi cha asilimia 3. Hiyo ni miligramu 90 hivi, na mwili huitupa karibu yote kabla haijafika popote. Mchuzi wako ni mzuri, endelea nao, lakini usiufananishe na vidonge vya utafiti ule. Mwaka 1998 watafiti wa Bangalore waliwapa watu kurkumini gramu 2 peke yake, kisha wakawapa tena pamoja na miligramu 20 za piperini, kile kinachowasha kwenye pilipili manga. Kilichoingia kwenye damu kiliongezeka mara 20. Na katika Ayurveda kuna mchanganyiko wa kale sana uitwao trikatu, vikali vitatu: pilipili manga, pilipili ndefu na tangawizi, unaotiwa kwenye dawa nyingine ili zifanye kazi. Mama zetu nao wanatupia pilipili manga kwenye mchuzi wa binzari, na wanaikaanga binzari kwenye mafuta kwanza. Wako sawa, kurkumini hupenda mafuta kuliko maji.

Nitoke kando kidogo. Mwaka 1995 Marekani ilitoa hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi, ya kutumia manjano kutibu vidonda, kana kwamba ni uvumbuzi mpya. Baraza la utafiti wa sayansi la India likaenda na maandishi ya kale ya Kisanskriti mkononi, likaonyesha kwamba jambo hilo lilijulikana siku nyingi, na mwaka 1997 hataza ikafutwa. Kila nikiikumbuka habari hiyo nafikiria ni mambo mangapi ya nyanya zetu wa pwani hayajaandikwa mahali popote.

Wa pili ni ubani. Najua mnaufikiria ule wa chetezo, wa Ijumaa na wa harusi, unaotoka Dhofar kule Oman na Somalia. Ayurveda inatumia ndugu yake, utomvu wa mti uitwao shalaki, unaoota kwenye vilima vikavu vya Rajasthan na Madhya Pradesh. Ndani yake mna asidi zinazozuia kimeng'enya kimoja kinachotengeneza kemikali za uvimbe, njia tofauti na ile ya ibuprofeni. Uchambuzi mkubwa wa tafiti za mitishamba kwa magoti yaliyochakaa, uliotolewa mwaka 2014 na Cochrane, shirika linalokusanya na kupima tafiti za tiba, ulikuta kwamba waliotumia miligramu 100 za dondoo lake lililoimarishwa kwa siku 90 walipima maumivu yao pointi 17 chini ya waliopewa kidonge kitupu, kwenye kipimo cha 0 hadi 100. Kati ya mitishamba yote ya viungo, mimi binafsi huu ndio ninaouamini zaidi kwa goti la uzee. Lakini tafadhali, ubani wa chetezo usiulambe wala usiuloweke maji ukanywa. Ule wa sokoni huchanganywa na utomvu mwingine, na umeuzwa kwa ajili ya moto, si kwa ajili ya tumbo.

Tangawizi sina maneno mengi nayo. Utafiti wa mwaka 2001 wa watu 261 ulionyesha asilimia 63 waliopewa dondoo lake walipata nafuu ya goti wakisimama, dhidi ya asilimia 50 ya wengine. Nafuu ipo, ni ya wastani. Ashwagandha, ambayo jina lake maana yake ni harufu ya farasi na mzizi wake kweli unanuka hivyo, inauzwa sana kwa nguvu na usingizi, kwa viungo ushahidi wake ni mwembamba. Guguli, ndugu wa manemane, ni dawa ya heshima katika vitabu vyao, lakini mti wenyewe umekatwa na kukamuliwa hadi uko ukingoni mwa kutoweka, na utomvu wake unaingilia dawa za tezi la shingo. Na mafuta ya mbarika? Kuna ubeti wa kale wa Kisanskriti unaosema amavata ni tembo mkuu anayezurura katika msitu wa mwili, na simba wa kumuua ni mmoja, mafuta ya mbarika. Ubeti ule unazungumzia kuyanywa, na yakinywewa yanaharisha kwa nguvu. Mjamzito asiyanywe, mzee dhaifu asiyanywe kwa kujiamulia. Kwenye jani, juu ya goti kavu lisilo na homa, sina ugomvi nayo.

Mtaniuliza: je, Ayurveda kamili, yenye tabibu, imewahi kupimwa? Imepimwa, na utafiti ninaoupenda ni mmoja wa Coimbatore, kusini mwa India, uliochapishwa mwaka 2011. Wagonjwa 43 wa baridi yabisi walifuatiliwa wiki 36. Kundi moja lilipewa Ayurveda, kundi la pili methotreksati, dawa ya hospitali ya ugonjwa huo, na la tatu vyote viwili, bila mgonjwa kujua anatumia nini hasa. Matabibu wa Ayurveda walimchunguza kila mtu na kumwandikia mchanganyiko wake mwenyewe. Makundi yote matatu yalipata nafuu inayokaribiana. Watu 43 ni wachache mno, na kwa idadi hiyo siwezi kumwambia mtu yeyote aache methotreksati. Lakini mmeona kazi iliyofanyika pale? Kila mtu na dawa yake, kila mtu akifuatiliwa. Hakuna aliyekabidhiwa kopo sokoni akaambiwa kwaheri.

Sasa niseme niliyoyaona kwa macho yangu, nanyi mtanisamehe sauti ikibadilika. Alikuja mama mmoja dukani, umri wake kama miaka 58, amechangamka. Akaniambia, "Nimepona, mwanangu. Nashuka ngazi kama msichana." Akanionyesha unga wa kahawia ndani ya kopo lisilo na orodha ya vilivyomo, lina picha ya goti tu. Nilimtazama usoni. Uso ulikuwa umejaa, wa mviringo, ngozi ya mikono nyembamba yenye mabaka ya damu, na sukari yake, ambayo haikuwahi kumsumbua, imepanda. Nikamwomba aende kwa daktari siku ile ile na kopo lake. Hakwenda. Kopo likaisha, muuzaji akawa amesafiri. Siku chache baadaye alianguka jikoni kwake, presha imeshuka, anatapika. Hospitali walikuta dalili zote za mtu aliyekuwa akila steroidi, dawa kali ya kuzima uvimbe inayofanana na homoni ya mwili, kwa miezi bila kujua. Mwili wake ulikuwa umeacha kutengeneza homoni yake wenyewe, na siku unga ulipokatika, akabaki bila kitu. Alipona, alhamdulillahi, lakini ilichukua karibu mwaka.

Hili si la Mombasa peke yake. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitangaza kwamba vidonge vilivyouzwa kama virutubisho vya viungo vilikutwa na diklofenaki, dawa ya maumivu, na deksamethasoni, ambayo ni steroidi, na hazikuandikwa kwenye chupa. Kwa hiyo mkumbuke: mtishamba wa kweli wa viungo unachukua wiki kadhaa. Unga unaokuondolea maumivu ya miaka kumi kwa siku mbili una kitu ambacho hukuambiwa. Na kama umekuwa ukiutumia muda mrefu, usiuache ghafla leo kwa sababu ya maneno yangu. Nenda kwa daktari na kopo, upunguziwe taratibu.

Kuna na madini. Mwaka 2004 watafiti walinunua bidhaa 70 za Ayurveda kwenye maduka ya eneo la Boston, Marekani, na 14 kati yake zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Baadhi ya madini hayo huingia kwa uchafu, lakini lipo tawi la Ayurveda linaloyatia kwa makusudi, baada ya kuyachoma na kuyasafisha kwa njia zake. Tawi hilo si la kuagiza kwa simu. Na hata manjano ya jikoni: Bangladesh waligundua wafanyabiashara wanapaka mizizi rangi yenye risasi ili ing'are. Mwaka 2019, karibu nusu ya manjano iliyopimwa sokoni, asilimia 47, ilikuwa na risasi. Serikali ikafanya misako, ikatoza faini, ikatangaza kila mahali, na kufikia 2021 haikuonekana tena kwenye sampuli. Nyumbani kwangu nanunua mzizi mzima, nauvunja kuona ndani, nautwanga mwenyewe. Mzizi halali nje yake ni wa udongo udongo, umefifia. Ukiuona unang'aa kama umepakwa rangi ya ukuta, uache hapo hapo.

Ini nalo lina haki yake. Italia mwaka 2019 na Australia mwaka 2023 zilitoa tahadhari juu ya watu walioumia ini baada ya kutumia vidonge vizito vya manjano, hasa vilivyotengenezwa vifyonzwe sana. Mumbai nako mwaka 2021 madaktari waliripoti maini yaliyoumia kwa watu waliokunywa mtambaazi uitwao giloi. Ni wachache kati ya wengi, lakini macho yakiwa ya njano, mkojo ukawa kama chai ya rangi, acha na ukapimwe. Anayetumia dawa za kuyeyusha damu kama wafarini asiguse vidonge vya manjano wala vya tangawizi bila daktari wake kujua. Tangawizi ya chai haina neno. Anayesubiri kupasuliwa naye amwambie daktari kila anachomeza.

Na hili nawaomba mlishike kuliko yote niliyosema. Viungo vidogo vya vidole vikifura pande zote mbili, ukiamka umekakamaa zaidi ya nusu saa, na hali hiyo ikipita wiki sita, usijaribu kopo hata moja. Ugonjwa ule unakula mfupa, na miezi ya mwanzo ndiyo ya kuuzuia. Na kiungo kimoja kikivimba ghafla, kina moto, na una homa, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Masi alijua hilo, naye hakuwa na shahada.

Sasa tuende mezani. Nimekuja na miwani, kalamu nyekundu na vibandiko. Tutafungua kopo moja moja, kila mmoja akae na lake. Lenye orodha ya vilivyomo, jina la mtengenezaji na tarehe tutalisoma pamoja na nitakuambia linagongana na dawa yako ipi, kwa hiyo toeni na vidonge vya presha na vya sukari kwenye mikoba. Lisilo na orodha nitalibandika nyekundu, na mwenyewe atabaki nyuma tuzungumze. Waliopanda ngazi kwa ubavu waanze. Mama wa leso ya buluu, lete kopo lako hapa, kaa, usisimame.